Nani Anayeisimamisha Taa?

Swali: Mbukwa, Mwalimu. Mimi ni fundi simu hapa Dodoma, kibanda changu kiko jirani na Soko la Majengo. Nilisoma habari ya Mmarekani aliyevuna pesa nyingi kwenye kipindi cha televisheni baada ya kugundua kwamba taa za ubao hazirukiruki ovyo, zina mpangilio. Hapa karibu na kibanda kuna dubwi, ile mashine ya kamari ya sarafu, nalo lina taa inayozunguka kwenye picha za matunda na kengele. Kwa miezi mitatu nimekuwa naandika kwenye daftari kila taa inaposimama. Nimeona kwamba tikiti likitoka mara mbili mfululizo, kengele haiko mbali. Naomba kujua: ile habari ni ya kweli? Kama ni ya kweli, ule haukuwa wizi? Na mimi nimepata mpangilio au najidanganya? Nina laki tatu niliyoweka kwa ajili ya mashine ya kubadilishia vioo vya simu, nataka kujua kabla sijaigusa.

Jibu: Mbukwa, kijana wangu. Hiyo laki tatu iache ilipo mpaka umalize kusoma. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu umefanya jambo ambalo wengi wanaokaa mbele ya dubwi hawalifanyi: umeandika. Mtu mwenye daftari anaweza kusaidiwa, kwa kuwa kuna kitu cha kukagua.

Habari ni ya kweli. Aliitwa Michael Larson, mtu wa Lebanon, mji mdogo katika jimbo la Ohio, aliyewahi kuuza aisikrimu kwa gari na kutengeneza viyoyozi. Kipindi kiliitwa Press Your Luck, kikirushwa na CBS kuanzia mwaka 1983. Kulikuwa na ubao mkubwa wenye visanduku 18, na taa ilikuwa inaruka kutoka kisanduku kimoja hadi kingine kwa kasi ambayo jicho linachoka kuifuata. Vilivyomo ndani ya visanduku navyo vilikuwa vinabadilika muda wote: pesa, safari, vyombo vya ndani, na kikatuni chekundu kiitwacho Whammy. Mshiriki akibonyeza kitufe, taa inasimama. Ikisimama penye pesa, unaongezewa. Ikisimama kwenye Whammy, kila ulichokusanya kinafutwa. Kwa wastani Whammy ilitokea takriban mara moja katika kila mizunguko sita, kwa hiyo mshiriki wa kawaida alizunguka mara chache, akaogopa, akaacha.

Larson alirekodi vipindi kwa deki ya video, akawa anavirudia nyumbani, anasimamisha picha, anasogeza kidogo, anasimamisha tena. Alichokiona ni kwamba taa ilikuwa na njia tano tu za kuruka, na kila njia ilijirudia vilevile. Akaona na jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi: kisanduku namba 4 na namba 8 havikuwahi kubeba Whammy hata siku moja. Wakati wote vilikuwa na pesa, na katika duru ya pili pesa hizo zilikuja pamoja na mzunguko wa nyongeza. Maana yake, mtu anayeweza kuisimamisha taa kwenye visanduku hivyo viwili hapotezi, wala haishiwi zamu. Kila akizunguka anapewa pesa na ruhusa ya kuzunguka tena.

Mei 1984 akaingia studio. Mzunguko wake wa kwanza kabisa aliangukia Whammy. Duru ya kwanza ilipoisha alikuwa wa mwisho, ana dola 2,500. Duru ya pili akapata mdundo wake, na kuanzia hapo alizunguka zaidi ya mara arobaini mfululizo bila kuguswa na Whammy. Ukipiga hesabu ya mtu anayebahatisha, akiwa na nafasi tano kati ya sita ya kusalimika kila mara, kusalimika mara arobaini na tano mfululizo hakufiki hata nafasi moja kati ya 3,000. Mwendesha kipindi, Peter Tomarken, alikuwa anamshangaa waziwazi. Watu walioangalia ile picha kwa makini waliona kwamba Larson alianza kushangilia mara tu anapobonyeza, kabla ya mtu mwingine yeyote kutambua taa imesimama wapi. Alijua tayari. Aliondoka na dola 110,237 ukijumlisha pesa na zawadi, na mchezo ulikuwa mrefu kiasi kwamba ilibidi urushwe kwa siku mbili, mwezi Juni.

Kuhusu wizi: hapana. Wakubwa wa CBS waliipitia ile rekodi wakitafuta kosa, hawakupata kanuni aliyoivunja, wakamlipa. Hakugusa mashine, hakumhonga mtu, hakupewa jibu. Alitazama kitu ambacho kila mwenye televisheni alikuwa anaonyeshwa. Linganisha na Charles Ingram, meja wa jeshi la Uingereza, ambaye mwaka 2001 alifika pauni milioni moja kwenye kipindi cha maswali huku akisaidiwa kwa kikohozi kilichotoka upande wa waliokaa studio. Mwaka 2003 mahakama ilimkuta na hatia ya udanganyifu, yeye na mkewe na yule mkohoaji. Kuona ni haki ya mtu yeyote. Kusaidiwa kwa siri wakati umekubali kucheza peke yako ni jambo jingine kabisa.

Sasa tuje kwenye swali lililokutoa usingizi. Usiangalie kwanza kwamba Larson aliona mpangilio. Jiulize kwa nini ule mpangilio ulikuwepo. Uliwekwa na watu. Waliotengeneza ubao walihitaji taa ionekane kama inaruka kiholela, wakatosheka na njia tano, kwa sababu kwa mtu aliyekaa nyumbani anatazama mara moja na kuendelea na shughuli zake, tano zinatosha kudanganya jicho. Hawakumfikiria mtu mwenye deki na uvumilivu. Baada ya yeye kushinda waliongeza idadi ya njia, na mlango ukafungwa. Lakini hata njia tano zisingemfaa kitu kama asingekuwa na uwezo wa kuisimamisha taa yeye mwenyewe, kwa kidole chake, wakati anaoutaka.

Hapo ndipo dubwi linapoachana na ubao wa Larson, ingawa kwa macho vinafanana sana. Kumbuka mnavyocheza. Unatumbukiza sarafu ya mia mbili, unachagua picha utakazowekea, epo au chungwa au kengele, halafu unabonyeza kuanza. Taa inazunguka, inapunguza mwendo, inasimama yenyewe. Kidole chako hakina kazi tena. Katika mashine za namna hii uamuzi wa wapi taa isimame unafanywa na programu iliyo ndani, na mzunguko unaouona ni maonyesho ya uamuzi uliokwisha kufanyika. Ile taa kupunguza mwendo karibu na kengele kisha kuipita kwa hatua moja haikuambii kwamba kengele imekaribia. Larson alikuwa anasoma taa kabla haijasimama. Wewe unasoma taa baada ya shauri kukatwa. Ungekuwa na macho ya mwewe, bado hakuna cha kukamata.

Najua utaniambia: Mwalimu, mimi sisomi mwendo wa taa, nasoma matokeo, na tikiti mbili zinaleta kengele. Vizuri. Tulichukulie hilo kwa uzito wake.

Chukua sarafu moja, irushe mara ishirini, andika mwenge au kichwa, au vyovyote mnavyoziita pande zake. Katika majaribio hayo, uwezekano wa kupata upande uleule mara nne mfululizo au zaidi ni asilimia 77 hivi. Mara tano mfululizo au zaidi, asilimia 46. Watu wengi wakiambiwa waandike orodha ya kubuni ya sarafu iliyorushwa, hawathubutu kuweka upande mmoja mara tano, wanaona si kawaida. Wanafunzi wangu niliwafanyia hivyo miaka mingi, na karibu kila mara niliweza kutambua daftari la kubuni na la kweli kwa kutazama tu urefu wa mifululizo. Bahati yenyewe imejaa mifululizo na marudio. Macho yetu, ambayo yameumbwa kutambua nyayo kwenye mchanga na wingu la mvua kabla halijafika, hayajui kuyaacha yapite.

Kuna ubaya mwingine, nao umejificha kwenye daftari lako. Tuseme dubwi lina picha nane. Jozi za picha mbili zinazofuatana ni 64. Kila jozi inaweza kufuatiwa na mojawapo ya nane. Hizo ni kanuni 512 ambazo daftari lako linazijaribu zote kwa pamoja bila wewe kukusudia. Kama mashine haina mpangilio wowote, na kama kila kanuni ina nafasi moja katika mia ya kuonekana ya ajabu kwa bahati tu, basi tarajia kanuni tano hivi zionekane za ajabu. Wewe umeipata mojawapo, ukaipa jina: tikiti mbili, kengele. Jirani yako akiandika lake atapata nyingine, naye ataapa. Tena wewe umesema kengele “haiko mbali”. Mzunguko unaofuata? Ndani ya mitatu? Ndani ya kumi? Kadiri unavyoiruhusu ichelewe, ndivyo itakavyotimia daima, kwa kuwa kengele lazima itoke siku moja.

Nisikuache ukadhani nasema mpangilio haupo popote. Nimewahi kuuona kwa macho yangu. Nikiwa kijana, kwenye viwanja vya Nzuguni wakati wa Nanenane, kulikuwa na mtu mwenye gurudumu la mbao lenye namba 1 hadi 20, misumari pembeni na kipande cha ngozi kinachogonga misumari hiyo. Nilikaa kivulini siku nzima na sehemu ya siku ya pili, nikahesabu mizunguko 300. Kila namba ilipaswa kutoka kama mara 15. Namba 7 ilitoka mara 31. Lakini kilichonishawishi hakikuwa ile 31. Ni kwamba 6 na 8, majirani zake, nazo zilikuwa zimezidi, na namba za upande wa pili wa gurudumu zilikuwa zimepungua. Bahati haijui nani jirani ya nani. Ubao mzito upande mmoja unajua. Nilisogea nikaona kwamba mbao ilikuwa imepasuka na kuzibwa kwa bati nyuma, na bati lina uzito. Nilikuwa na namba, na nilikuwa na sababu ya namba. Siku ya tatu nilirudi na pesa yangu ya nauli, nikakuta lile bati limeondolewa. Sikucheza. Nilirudi nyumbani kwa daladala badala ya kwa miguu, na tangu siku ile sikuacha takwimu.

Hilo la sababu ndilo ninalotaka likae kichwani mwako. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mkulima wa Mpwapwa au Bahi anajua kwamba katikati yake hukatika kwa wiki kadhaa. Mpangilio huo una mwenyewe: mkanda wa mvua unalifuata jua linapokwenda kusini na kurudi. Ndiyo maana unarudi mwaka hadi mwaka, na ndiyo maana unaweza kupanda kwa kuutegemea ingawa kuna mwaka unakuumiza. Sasa niambie, ndani ya lile dubwi kuna nini ambacho kingefanya tikiti mbili zivute kengele? Nani angepata faida kwa kuiweka kanuni hiyo? Mwenye mashine ameipanga irudishe sehemu ya kinachoingia na ibakize sehemu nyingine. Hana haja na mpangilio wa picha, ana haja na kile kinachobaki.

Ila kuna wakati biashara yenyewe inamlazimisha mwenye mchezo aweke mpangilio bila kutaka, na kisa cha hapo ndicho ninachokipenda kuliko cha Larson. Mwaka 2003 huko Toronto, Kanada, Mohan Srivastava, mtakwimu ambaye kazi yake ilikuwa kusaidia kampuni za madini kukadiria dhahabu iliyo chini ya ardhi, alipewa tiketi za kukwangua kama zawadi ya utani. Moja ilikuwa na vibao vinane vya namba zinazoonekana wazi, kila kibao safu tatu kwa tatu, na pembeni namba zilizofichwa ambazo unazikwangua. Namba tatu zako zikipanga mstari kwenye kibao, umeshinda. Akawaza hivi: kampuni haiwezi kuchapisha tiketi kiholela kabisa, kwa sababu inapaswa kujua idadi ya washindi kabla ya kuziuza. Basi kuna programu iliyopanga, na programu inaacha alama. Akatazama namba zilizo wazi, akahesabu kila moja imetokea mara ngapi kwenye tiketi nzima. Zile zilizotokea mara moja tu, zikijipanga tatu kwenye mstari, mara nyingi sana tiketi ilikuwa na ushindi, hata kabla haijakwanguliwa.

Angalia alichofanya baada ya hapo. Hakukimbilia dukani na akiba yake. Alinunua tiketi chache, akazigawa za kushinda na za kushindwa bila kuzikwangua, akatuma 20 kwa wasimamizi wa bahati nasibu ya jimbo la Ontario pamoja na maelezo. Alikuwa amepatia 19. Mchezo ukaondolewa sokoni. Alishapiga hesabu kwamba kuzunguka madukani kutwa akichambua tiketi kungemlipa kidogo kuliko kazi yake ya kawaida.

Wapo pia walioshinda bila mpangilio wowote, kwa kusoma kanuni tu. Jerry Selbee, mzee mstaafu wa Evart, Michigan, mwaka 2003 alisoma maelezo ya bahati nasibu mpya na kuona kwamba zawadi kubwa ikifika kiwango fulani bila mshindi, pesa zinashushwa kwa wenye namba chache zilizolingana. Wiki hizo, na wiki hizo tu, tiketi ilikuwa na thamani kuliko bei yake. Yeye na mkewe Marge na watu wa mji wao walinunua tiketi kwa maelfu, na kwa miaka tisa faida ilikaribia dola milioni 8 kabla ya kodi. Hakutabiri namba hata moja. Terry Kniess naye, mtabiri wa hali ya hewa wa zamani huko Las Vegas, alirekodi kipindi cha kukisia bei pamoja na mkewe, wakaona bidhaa zilezile zinarudi kwa bei zilezile, na mwaka 2008 akataja dola 23,743, sawasawa kabisa na bei halisi. Kwa maelezo yake mwenyewe, zile elfu 23 alizijua kwa mahesabu, na 743 ilikuwa namba yake ya siri ya benki. Namheshimu kwa kulisema hilo. Alijua ni wapi ujuzi wake uliishia.

Larson hakujua. Muda si mrefu baada ya ushindi wake, redio moja ilitangaza zawadi ya dola 30,000 kwa atakayeleta noti ya dola moja yenye namba zilizotangazwa. Alitoa benki karibu dola 100,000 kwa noti za moja moja, akawa anazipitia usiku na mchana, noti baada ya noti. Hapakuwa na njia tano za taa hapo, palikuwa na rundo la karatasi tu. Wezi waliingia nyumbani kwake wakabeba sehemu kubwa ya zile pesa. Macho yalikuwa yaleyale yaliyoushinda ubao. Nikikumbuka kisa hicho huwa nasikitika sana, ndiyo maana nimekwambia usiiguse ile laki tatu.

Kama bado moyo hautulii, fanya hivi, na usitumbukize hata sarafu moja ya kwako. Daftari la miezi mitatu lifunge, kwa kuwa kanuni uliyoitoa humo haiwezi kupimwa kwa humohumo. Chukua daftari jipya. Juu ya ukurasa wa kwanza andika kanuni yako kwa maneno yasiyopindika: “Tikiti likitoka mara mbili mfululizo, mzunguko unaofuata ni kengele.” Weka sahihi na tarehe. Wengine wakicheza, wewe kaa pembeni. Kila tikiti mbili zikitoka, andika “kengele” kabla mchezaji hajabonyeza, na mwenzako aandike kilichotoka. Usimwonyeshe ulichoandika. Mzunguko ambao hukuwahi kuuandikia mapema haumo kwenye hesabu, hata kama “ulikuwa unaujua”.

Pembeni weka safu ya pili, ya mtu asiyejua lolote, ambaye nafasi zilezile kila mara anasema “epo”, au picha yoyote inayotoka mara nyingi kuliko nyingine kwenye mashine hiyo. Kengele hulipa zaidi kwa sababu hutoka kwa nadra, kwa hiyo usishangae epo ikikushinda kwa mbali. Tunachotafuta ni kama kengele inatoka baada ya tikiti mbili mara nyingi kuliko inavyotoka wakati mwingine wowote. Hivyo hesabu pia kengele zote za daftari jipya, na mizunguko yote.

Zikifika nafasi mia moja za tikiti mbili, niandikie namba nne tu: nafasi ngapi, kengele ngapi ndani ya nafasi hizo, mizunguko mingapi kwa jumla, na kengele ngapi kwa jumla. Hesabu iliyobaki nitaifanya mimi na kukutumia hatua kwa hatua. Na mashine ya vioo, kama bei yake ni hiyo uliyosema, nenda kainunue wiki hii, usisubiri majibu yangu.